Gari Limekosa Nguvu: Kabla Hujaihukumu Turbo

"Gari langu lina turbo. Juzi lilikuwa linavuta vizuri, leo nakanyaga mafuta mpaka mwisho na halichangamki. Turbo imekufa?"

Ndilo swali la mwenye Prado aliyetoka Dadaab, la dereva wa Hilux anayepeleka bidhaa Modogashe, na la mwenye lori la Isuzu lililopakia ng'ombe sokoni Garissa kuelekea Nairobi. Jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Abti, turbo imeisha, tafuta nyingine." Kuanzia hapo ni simu kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ni kungoja kifurushi kije kwa basi mwendo wa kilomita 370 hivi, na ni kutoa pesa ambazo zingenunua mbuzi kadhaa. Turbo inafika, inafungwa, na gari bado halivuti.

Sura hii ina jambo moja la kusema: katika gari lililokosa nguvu, turbo ishukiwe mwisho. Vitu vinavyoiba nguvu ya gari la aina hii kwa kawaida ni vya bei ndogo, viko mahali mkono unafika, na katika nchi ya joto na vumbi huchoka mapema kuliko turbo yenyewe. Anayevikagua kwa mpangilio, kuanzia kile cha bure, hulipata tatizo lake mara nyingi kabla jua halijawa kali.

## Hakikisha una turbo

Linaonekana jambo la kitoto, lakini magari mengi ya Kaskazini Mashariki hayana turbo kabisa. Land Cruiser pikapu zinazobeba abiria, mizigo na maafisa kote Wajir, Mandera na Garissa nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Gari hilo likikosa nguvu, mtu akakwambia turbo imekufa, badilisha gereji.

Fungua boneti, ufuate bomba la ekzosi pale linapotokea kwenye injini. Ukikuta kifaa cha chuma kilichojikunja kama konokono, bomba moja la moshi likiingia na jingine la hewa likitoka, hiyo ndiyo turbo.

## Inafanya nini hasa

Injini huchoma dizeli, na dizeli haiungui bila hewa. Injini ya lita 3 kama ya Prado, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta takriban lita 4,500 za hewa kwa dakika hata bila turbo. Hiyo ni mitungi 225 ya lita ishirini ishirini kila dakika. Turbo huingiza hewa nyingi zaidi katika nafasi ile ile, na pale inaposukuma kwa nguvu zake zote hewa inayoingia hukaribia maradufu. Ndiyo sababu injini ndogo yenye turbo hushindana na injini kubwa isiyo nayo.

Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yameshikwa na ufito mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili, upande wa pili wa ufito, huvuta hewa safi na kuishindilia kwenye injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia wazo hili hataza mwaka wa 1905, na msingi wake haujabadilika. Ufito huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kumbuka neno oili, maana tutalirudia.

Hewa iliyoshindiliwa hupata moto, kwa hiyo magari mengi huipitisha kwanza kwenye intakula, yaani kipozeo chenye mapezi membamba kinachofanana na rejeta, kabla haijaingia kwenye injini. Kati ya filta, turbo, intakula na injini kuna mipira na mabomba yaliyofungwa kwa klipu. Njia hii nzima ikiwa na tundu au kizuizi mahali popote, turbo nzima kabisa itaonekana imekufa.

## Joto la Garissa si kisingizio

Kuna maelezo mengine ambayo dereva hupewa: "Ni joto tu, hewa ya huku ni nyepesi." Tulipime neno hili, kwa sababu limewafanya watu wengi waendeshe gari bovu kwa miezi.

Ni kweli kwamba hewa ya nyuzi 38 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 20, kwa takriban asilimia 6. Lakini Garissa iko chini, mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko mita 1,700 hivi. Kwa mwinuko huo peke yake, hewa ya Nairobi imepungua kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Garissa. Ukijumlisha joto na mwinuko, mchana wa Garissa bado una hewa nzito kuliko asubuhi ya baridi ya Nairobi. Gari lililokwenda vizuri kutoka Thika haliwezi kuishiwa nguvu likifika Madogo, karibu na Garissa, kwa sababu ya hewa.

Joto linadhuru kwa njia nyingine. Linakausha mipira mpaka ipasuke, linaifanya intakula ishindwe kupoza, na linamfanya kila mtu awashe kipoza hewa, ambacho nacho hula nguvu ya injini. Na anayerudi Nairobi kupitia Mwingi anapanda zaidi ya mita 1,500, polepole kiasi kwamba macho hayaoni mlima. Gari lililojaa mzigo lazima lihisi uzito kwenye njia hiyo. Kwa hiyo linganisha gari lako na lilivyokuwa kwenye barabara ile ile, kwa mzigo ule ule.

## Vya bure kwanza

Kabla ya kushika spana, ondoa uwezekano kwamba injini ni nzima na kitu kingine ndicho kinachoizuia:

- Zulia la miguuni. Likisogea chini ya eksileta, unadhani umekanyaga mpaka mwisho kumbe umefika nusu.
- Upepo wa magurudumu. Waliopita mchanga wa Ijara au Hulugho hupunguza upepo ili gari lisizame, kisha wakifika barabara ngumu husahau kuujaza tena.
- Breki zinazoshika. Baada ya mwendo, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko nyingine, breki hiyo haijaachia.
- Klachi. Injini ikipiga kelele na mshale wa mizunguko ukapanda huku mwendo hauongezeki, nguvu ipo ila haifiki magurudumuni.

Mwenye gari anaweza kuyamaliza haya manne kwa muda mfupi.

## Moshi unasema uanzie wapi

Mwambie mtu aendeshe, wewe uwe nyuma kwa gari jingine, au utazame kwenye kioo gari linapopanda kilima au linapotoka kasi na mzigo. Rangi ya moshi inagawa kazi yako.

Moshi mweusi mzito maana yake dizeli inaingia lakini hewa haitoshi. Nenda kwenye filta ya hewa na mipira. Gari likikosa nguvu bila moshi wowote wa ajabu, mara nyingi dizeli ndiyo haitoshi. Nenda kwenye tangi na filta ya dizeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo turbo inaingia kwenye orodha ya washukiwa, ingawa si peke yake. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia pasipostahili, na huo unahitaji fundi.

Magari mapya yana kompyuta inayobana dizeli pale hewa inapopungua, kwa hiyo moshi mweusi unaweza usionekane sana. Hata hivyo, fundi anayesema "turbo" bila kuuliza rangi ya moshi ameruka hatua.

## Filta ya hewa: hapa ndipo pa kwanza

Ningeweza kuiandikia filta sura nzima. Kitabu cha gari kinataja kilomita za kubadilisha filta, lakini hesabu hiyo ilipigwa kwa barabara za lami. Siku moja nyuma ya msafara wa malori kati ya Garissa na Dadaab, au kwenye kipande kisicho na lami kuelekea Balambala, huweza kuijaza filta vumbi kuliko miezi ya kuendesha jijini. Vumbi la huku ni laini, linapenya kila mahali, na filta ikijaa injini hupungukiwa hewa kidogo kidogo mpaka dereva azoee udhaifu na kuuona wa kawaida.

Fungua boksi la filta. Itoe, uishike dhidi ya jua, utazame kwa upande wa ndani. Mwanga usipopenya, filta imeziba. Ukiwa na kompresa, ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, ukiiweka ncha mbali kidogo na karatasi. Usiigonge kwenye jiwe au kwenye ukingo wa gurudumu. Karatasi huchanika mahali usipopaona. Usiioshe kwa maji. Baada ya kuipuliza mara chache, inunulie mbadala. Filta ni sehemu ndogo sana ya bei ya turbo.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ingiza kidole kwenye bomba lililo baada ya filta, upande wa kwenda kwenye turbo, ulifute kwa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, filta haikai sawasawa kwenye kiti chake. Labda si ya saizi, labda ni bandia, labda klipu ya boksi imevunjika na imefungwa kwa waya. Hilo ni baya kuliko filta iliyoziba. Filta iliyoziba inakunyima nguvu. Filta inayovuja inapeleka mchanga kwenye mapanga yanayozunguka mara laki moja kwa dakika, na mchanga huo unayala. Ndiyo maana kuendesha bila filta "mpaka tufike" ni uamuzi wa gharama kubwa sana.

Usisahau mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Hapo hukutwa mfuko wa plastiki, majani, manyoya, hata kiota cha panya katika gari lililosimama wiki kadhaa. Na baada ya kuvuka maji angalia kama filta imelowa, kwa sababu karatasi iliyolowa haipitishi hewa. Wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, yalipokata barabara kati ya Madogo na Garissa, aliyejaribu kupita majini alikuwa na sababu ya kufungua boksi hilo siku hiyo hiyo. Maji yakiwa mengi ndani ya boksi, usiwashe injini kabisa mpaka fundi aangalie.

Kwa ufupi: moshi mweusi, anza na filta. Itazame kwenye jua, futa bomba lililo baada yake, kagua mdomo wa kuvutia hewa.

## Mipira iliyopasuka na klipu zilizolegea

Filta ikiwa safi, fuata hewa inakoelekea. Kutoka kwenye turbo hewa iko chini ya presha, na mahali popote inapotoroka nguvu inatoroka nayo. Dalili zake ni sauti ya "fyuuu" unapokanyaga ambayo haikuwepo awali, moshi mweusi, na mara nyingine utando wa mafuta wenye vumbi lililoganda mahali pamoja kwenye mpira. Utando huo ni mshale. Hewa inayotoka imebeba mvuke kidogo wa oili, na vumbi hunata pale pale penye ufa.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, binya kila mpira kwa mkono, uukunje, utazame hasa upande wa chini usioonekana. Joto huufanya mpira uwe mgumu, kisha mtetemo wa barabara yenye mawimbi huupasua. Ufa mwingine hujifunga gari likiwa limesimama na hufunguka tu turbo inaposukuma, kwa hiyo kutazama bila kubinya hakutoshi. Kaza klipu zote. Klipu iliyolegea kidogo huweza kuachia mpira mzima ukatoka, na hapo gari linakosa nguvu kwa ghafla, kwa kishindo kidogo, katikati ya safari.

Ukiwa mbali na mji, ufa unaweza kufungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu uliokazwa kwa klipu mbili. Utakufikisha Garissa ukienda polepole. Lakini si dawa. Mpira ule ubadilishwe, na usikae miezi na bandeji.

Tazama pia intakula. Kwenye Hilux na Prado nyingi imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na mapezi yake hujaa vumbi na wadudu. Kwenye malori hukaa mbele na hupokea tope. Ioshe kwa maji ya presha ndogo, ukiyaelekeza sawa na mapezi ili usiyapinde.

Mwisho katika njia hii kuna vipira vyembamba, unene wa kalamu au chini yake, ambavyo kwenye magari mengi huongoza kiasi ambacho turbo inasukuma. Kimoja kikichomoka au kikipasuka, turbo haipokei amri. Ni vya bei ndogo mno, na vimesababisha turbo nyingi nzima kutupwa.

## Dizeli: tangi, maji na mafuta ya taa

Kama hakuna moshi na gari linachoka zaidi linapokimbia au kupanda, fikiria dizeli. Anza kwa kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na pampu inashindwa kuvuta. Endesha kidogo kifuniko kikiwa kimelegezwa. Nguvu ikirudi, umelipata.

Filta ya dizeli hutenganisha uchafu na maji. Nje ya miji mikubwa dizeli huuzwa pia kwenye mapipa na mitungi, na pipa linalofunguliwa kila siku hukusanya vumbi, kutu na maji. Filta nyingi zina parafujo chini ya kumwagia maji. Ifungue, pokea kwa chupa angavu, uiache itulie: maji hukaa chini, dizeli juu. Kwenye magari mengi taa ya filta huwaka maji yakizidi. Wengine huizoea taa hiyo. Katika magari ya dizeli ya kisasa, ambayo nozo zake, yaani vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, zina matundu membamba sana, taa hiyo haifai kuzoewa hata siku moja.

Halafu kuna kuchanganya. Mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na dizeli. Sababu ya kujali si nguvu ya leo tu. Dizeli hulainisha pampu na nozo inapopita. Mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Nguvu ikipungua mara tu baada ya kujaza mahali usipopazoea, kumbuka ulijaza wapi, na ubadilishe filta kabla ya kitu kingine.

## Kompyuta inapojilinda

Kuna hali inayowatisha madereva: gari linapoteza nguvu ghafla, taa ya injini inawaka, mwendo hauzidi kiasi fulani. Ukizima na kuwasha tena, nguvu inarudi, kisha inapotea kilimani. Hiyo ni kompyuta ya gari imeona presha ya hewa si ile iliyotarajia na imepunguza nguvu ili kulinda injini.

Garissa kuna mafundi wenye mashine ya kusoma hitilafu. Itumie, lakini uelewe inachosema. Alama ya P0299, ambayo hujitokeza sana kwenye magari ya turbo, maana yake ni kwamba presha ya hewa iko chini ya inavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Filta iliyoziba, mpira uliopasuka, kipira chembamba kilichochomoka, au sensa ya presha iliyojaa masizi, vyote huweza kuiwasha. Anayesoma P0299 na kuagiza turbo ameamini mashine ilisema jambo ambalo haikulisema.

## Sasa ndiyo turbo

Umekagua yote hayo na nguvu haijarudi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa bomba la hewa mbele ya turbo, uingize vidole ushike ncha ya ufito. Ufito unapaswa kuzunguka kwa urahisi. Kucheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida. Mapanga yakigusa ukuta, yakiwa yamelika kingo au yamepinda, au ufito ukitoka na kuingia, turbo imechoka kweli. Unyevu kidogo wa oili ndani ya bomba hautoshi kuihukumu, kwa sababu mvuke wa oili wa injini hupita njia hiyo. Oili inayotiririka, pamoja na moshi wa buluu, ni habari nyingine.

Baadhi ya turbo, zikiwemo za injini ya 1KD iliyo kwenye Prado na Hilux nyingi, zina mapanga madogo yanayojifungua na kujifunga ndani, na masizi huyakwamisha. Fundi mzuri huweza kuifungua na kuisafisha. Muulize kabla hujanunua nyingine.

Ikibidi kununua, usikubali ifungwe kabla hujajua ya zamani ilikufa na nini. Turbo hufa kwa vumbi lililopita kwenye filta, kwa oili chafu au iliyopungua, kwa bomba lake la oili lililoziba, na kwa injini kuzimwa ghafla ikiwa na moto mkali, oili ikaungua ndani ya beringi. Ukifika kwenye kizuizi cha polisi au stendi baada ya mwendo mzito, iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Dai turbo ya zamani uione kwa macho. Mwambie fundi abadilishe oili na filta yake siku hiyo hiyo, na ama asafishe bomba jembamba linaloipelekea turbo oili, ama alibadilishe. Bomba hilo likiziba, turbo mpya itakauka na kufa kama ya kwanza. Aondoe vipande vya chuma vilivyoingia kwenye intakula. Na kabla ya kuwasha, amimine oili safi kwenye tundu la turbo, kisha azungushe injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, mpaka taa ya oili izime.